Hedhi Inapokoma: Historia ya Umri Usio na Somo

Bismillahir Rahmanir Rahim



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya mwisho. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi, leo tunaleta mada ambayo majumbani mwetu huzungumzwa kwa kunong'ona, au haizungumzwi kabisa. Nayo ni afya ya mama zetu pindi wanapofikia umri wa kukoma hedhi na kuingia utu uzima. Tunawaomba hasa vijana wa kiume wasiruke ukurasa huu wakidhani hauwahusu. Kila mmoja wetu ana mama, na mwenye umri ataona mkewe akifika huko.

Msichana wetu anapobaleghe hakosi mtu wa kumfundisha. Pwani ya Afrika Mashariki humwita somo au kungwi. Uganda, kwa ndugu zetu Waganda, kazi hiyo ni ya ssenga, yaani shangazi. Buyenzi ya Bujumbura na Nyamirambo ya Kigali, kama si shangazi basi ni bibi au mwalimu wa madrasa ya kina mama. Binti hufundishwa tohara, josho, kuhesabu siku zake, na lini aache sala na lini airudie. Kisha miaka 35 au 40 inapita. Damu ile ile inakoma, na hapo hakuna wa kumfundisha. Somo wa kuanza yupo, somo wa kukoma hayupo.

Matokeo yake tunayajua. Mama anaamka usiku wa manane amelowa jasho, anafungua dirisha, na asubuhi anakwenda kununua dawa ya malaria bila kupimwa. Mwingine halali, anasahau alichotumwa sokoni, anakasirika kwa jambo dogo, na watoto wanasema mama kabadilika siku hizi. Mwingine anaanguka uani kidogo tu, na nyonga inavunjika. Na wa mwisho, ambaye ndiye aliyetufanya tuandike makala hii, anaona damu tena baada ya miaka miwili au mitatu ya kukauka. Anaona haya kusema. Ananyamaza mwezi, ananyamaza mwaka, mpaka siku anapopelekwa hospitali amebebwa. Wako kina mama tuliowazika kwa namna hiyo.

Hivyo basi tumeona turudi nyuma katika historia tuitazame njia ambayo elimu ya jambo hili imepitia. Mtaona kuwa kila ilipopatikana, ilipatikana kwa sababu wanawake waliuliza au waliulizwa. Na kila ilipopotea, ilipotea kwa sababu walinyamaza au walisemewa na wengine.

QUR'ANI HAIKUONA HAYA

Aya ya 222 ya Suratul Baqara, inayotoa hukumu ya hedhi, inaanza kwa kutaja kwamba watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu yake. Swali lilitangulia, hukumu ikafuata.

Mwisho wa hedhi nao umetajwa waziwazi. Katika Suratut Talaq, aya ya 4, wanatajwa wanawake waliokata tamaa ya kupata hedhi, na eda yao ikawekwa kuwa miezi mitatu. Katika Suratun Nur, aya ya 60, wanatajwa wanawake wazee wasiotaraji tena kuolewa, wakapewa wepesi katika mavazi yao ya juu bila kudhihirisha mapambo, pamoja na kuambiwa kuwa kujistahi ni bora kwao. Na katika Surat Hud tunasoma habari za mke wa Nabii Ibrahim (a.s.), ambaye alistaajabu kubashiriwa mtoto hali yeye ni kizee na mumewe ni mzee.

Tuzingatie neno hili la kukata tamaa, kwani wanavyuoni wameuita umri huu kwa Kiarabu sinnul ya's, yaani umri wa kukata tamaa. Wapo waliolichukulia jina hilo kana kwamba mwanamke mwenyewe ameshakwisha. Sivyo. Tamaa iliyokatika ni ya hedhi peke yake. Maisha hayajakatika, wala ibada, wala elimu, wala haki zake. Aya yenyewe imekuja kulinda haki yake katika talaka, asije akafungwa katika eda isiyo na mwisho kwa kungoja hedhi ambayo haitarudi.

Wanawake wa zama zile walilielewa hilo. Mama yetu Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa damu haimkatiki, je, aache sala? Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa ile ni damu ya mshipa na si hedhi, na akamwelekeza namna ya kusali. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazameni ilivyopatikana elimu kubwa ya istihadha, ambayo mpaka leo wanawake wa dunia nzima wanaitegemea: mwanamke mmoja alikwenda akauliza kuhusu mwili wake, na hakuna aliyemwambia kuwa hana adabu.

MALALAMIKO YA KHAWLA

Kipo kisa kingine ambacho tunapenda kila familia ikisome upya. Khawla bint Tha'laba (r.a.) alikuwa mke wa Aws bin Samit (r.a.). Siku moja mumewe alimfanyia dhihar, yaani alimfananisha na mgongo wa mama yake, jambo ambalo zama za ujahili lilimfanya mke awe haramu kwa mumewe bila kuachwa huru. Khawla akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki.

Alishitaki nini? Katika mapokezi ya Ibn Majah, Bi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa Khawla alieleza jinsi mumewe alivyoutumia ujana wake, na jinsi alivyomzalia watoto, mpaka alipofikia umri mkubwa na uzazi wake ukakatika, ndipo akamfanyia dhihar. Bi Aisha alikuwa karibu, na anasema baadhi ya maneno aliyasikia na mengine hakuyasikia. Lakini Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyasikia yote, ikateremka sura inayoitwa kwa ajili yake Al-Mujadila, yaani mwanamke anayejadiliana. Dhihar ikakemewa, na mume akatakiwa kafara kabla ya kumrudia mkewe: kuacha huru mtumwa, au kufunga miezi miwili mfululizo, au kulisha masikini 60.

Imesimuliwa pia kuwa miaka mingi baadaye Sayyidna Umar (r.a.), akiwa Khalifa, alisimamishwa njiani na bibi huyu akasimama kumsikiliza kwa muda mrefu. Alipoulizwa vipi amesimama kwa ajili ya kikongwe, alijibu kwa maana kwamba, ikiwa Mwenyezi Mungu amemsikia kutoka juu ya mbingu saba, Umar ni nani asimsikilize?

Ndugu zetu, malalamiko ya Khawla yako nyumbani kwetu. Wapo kina mama ambao baada ya kuzaa na kulea, umri ulipofika, waume zao waliwaona kama chombo kilichotoboka. Wengine hawakuachwa, lakini wamehamishiwa chumba cha nyuma na hakuna anayewauliza wamelalaje. Mwanamke wa umri huu ndiye aliyeteremshiwa sura. Anayempuuza ajiulize yuko upande gani wa kisa hiki.

WANAVYUONI NA MADAKTARI WA ZAMANI

Baada ya zama za masahaba, wanavyuoni walikabiliwa na swali: hedhi hukoma mwanamke akiwa na miaka mingapi? Jibu lilihitajika kwa ajili ya eda, sala na saumu. Wahanbali wengi walitaja miaka 50. Wahanafi wengi walitoa fatwa ya miaka 55. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi huku kwetu, uliotajwa sana ni umri wa miaka 62. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), aliona kuwa hakuna umri mmoja wa kuwapangia wanawake wote, bali kila mmoja hutazamwa kwa hali yake.

Kauli ya Wamaliki inatufaa sana hapa. Wao walisema kuwa mwanamke aliye kati ya miaka 50 na 70 akiona damu na ikatiliwa shaka, waulizwe wanawake wenye ujuzi. Yaani wanavyuoni wanaume, pamoja na elimu yao yote, walikiri kuwa hapa wenye elimu ni wanawake wenyewe, na neno lao likategemewa katika sheria.

Tofauti hii ya miaka haipaswi kutushangaza. Sayansi ya leo inasema kuwa wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na wako wanaotangulia au kuchelewa. Na mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma pale tu anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu.

Kwa upande wa tiba, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake Al-Qanun fi t-Tibb mlango mzima juu ya namna ya kuwatunza wazee. Alishauri chakula kidogo kidogo badala ya mlo mmoja mzito, kukandwa kwa mafuta, usingizi wa kutosha na mazoezi ya wastani kwa kadiri ya nguvu za mtu. Ushauri huo, karibu miaka 1000 baadaye, bado unatolewa na madaktari.

Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alipoeleza upasuaji wa mawe ya kibofu kwa mwanamke, alielekeza atafutwe tabibu wa kike au mkunga hodari wa kusaidia, kwa sababu ya sitara ya mgonjwa. Huko huko Andalusia na Maghribi, katika ukoo mashuhuri wa matabibu wa Ibn Zuhr, walikuwepo wanawake wawili, dada wa Abu Bakr bin Zuhr na binti wa dada huyo, waliosifika kwa ujuzi wa kutibu wanawake katika zama za mtawala Al-Mansur (1184-1199). Na hospitali kubwa ya Al-Mansuri mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284 kwa wakfu wa Sultan Qalawun, ilikuwa na sehemu ya wanaume na sehemu ya wanawake, tajiri na masikini.

Somo la kipindi hiki ni kuwa haya ilihifadhiwa bila ya kuiua elimu. Hawakusema mwanamke asitibiwe kwa sababu ya sitara. Walisema mwanamke afundishwe udaktari ili wenzake watibiwe kwa sitara. Familia yenye binti anayefaulu sayansi na ikamzuia kusomea uganga au uuguzi kwa hoja ya heshima, ijue inakwenda kinyume na waliotutangulia.

ULAYA: KUTOKA UMRI HADI UGONJWA, KUTOKA UGONJWA HADI BIDHAA

Sasa tuhamie Ulaya, kwani dawa na maneno mengi ambayo mama zetu wanakutana nayo hospitalini yalitoka huko na Marekani.

Mwaka 1821 daktari Mfaransa, Charles de Gardanne, alitoa kitabu kuhusu umri huu akiuita kwa neno ménopause, ambalo ndilo madaktari wa dunia wanalitumia hadi leo. Katika karne ile madaktari wengi wa Ulaya waliuelezea kama kipindi cha hatari na chanzo cha kila maradhi ya mwanamke, hata ya akili. Mwanamke alisemewa zaidi kuliko alivyoulizwa.

Mwaka 1929 wanasayansi wawili, Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja peke yake, walifanikiwa kuitenga homoni ya kike aina ya estrojeni kutoka katika mkojo wa wanawake wajawazito. Ikajulikana kuwa umri unapofika, mayai ya mwanamke huisha na mwili wake hupunguza sana kutengeneza homoni hiyo. Hiyo ndiyo asili ya jasho la usiku, joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, kukosa usingizi na ukavu wa sehemu za siri. Mwaka 1941 daktari Fuller Albright wa Boston na wenzake wakaeleza jambo jingine: kuwa kukoma hedhi kunahusiana na mifupa ya wanawake kuwa dhaifu na kuvunjika kwa urahisi. Elimu hii ilikuwa ya kheri.

Lakini baada ya elimu likaja soko. Mwaka 1942 dawa ya Premarin iliruhusiwa kuuzwa Marekani, ikitengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York alitoa kitabu, Feminine Forever, kilichouzwa sana, akidai kuwa kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na kwamba mwanamke asiyemeza homoni hubaki nusu mtu. Baadaye ilifahamika kuwa taasisi yake ilikuwa ikipokea fedha kutoka kwa watengenezaji wa dawa. Mamilioni ya wanawake walimeza vidonge wakiamini wananunua ujana.

Mwaka 1975 tafiti mbili zilichapishwa zikionesha kuwa wanawake waliotumia estrojeni peke yake walikuwa wakipata zaidi saratani ya mji wa mimba. Dawa ikarekebishwa kwa kuongezwa homoni ya pili ya kuulinda mji wa mimba, na biashara ikaendelea. Ikasemwa kuwa dawa hizo zinalinda moyo. Lakini bado hakuna aliyewauliza wanawake kwa idadi kubwa na kwa kipimo cha haki.

WANAWAKE 16,608 WALIPOULIZWA

Mwaka 1991 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo wakati huo kwa mara ya kwanza ziliongozwa na mwanamke, Dk. Bernadine Healy, zilianzisha utafiti mkubwa wa afya ya wanawake wa miaka 50 hadi 79. Waliojiunga na utafiti wote walikuwa zaidi ya 161,000. Katika sehemu moja, wanawake 16,608 waligawanywa kwa kura: baadhi wakapewa vidonge vya homoni mbili, na wengine vidonge visivyo na dawa, bila ya wao kujua wamepewa kipi.

Utafiti ulipangwa uchukue zaidi ya miaka minane. Julai 2002 ulisimamishwa baada ya wastani wa miaka mitano na miezi michache. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, 38 walipata saratani ya matiti, wakati kwa wasiotumia walikuwa 30. Kiharusi kiliwapata 29, kwa wengine 21. Moyo haukulindwa. Kwa upande wa faida, waliovunjika nyonga walikuwa 10, kwa wasiotumia 15.

Dunia ilishituka, na wanawake wengi waliacha dawa haraka. Hapo likatokea kosa la pili, kinyume cha lile la kwanza. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza dawa miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Uchambuzi uliofuata ulionesha kuwa kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome, na ambaye anateseka kweli kwa joto na kukosa usingizi, faida mara nyingi huzidi madhara, iwapo hana historia ya saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi au ugonjwa wa moyo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wanawake hao kwa miaka 18, na idadi ya vifo haikutofautiana baina ya waliopewa dawa na wasiopewa. Novemba 2025 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya lile onyo zito lililokuwa likiandikwa kwenye dawa hizi, huku onyo la saratani ya mji wa mimba kwa anayetumia estrojeni peke yake likibaki.

Hivyo basi homoni hizi si sumu wala si dawa ya ujana. Ni dawa kama dawa nyingine, kwa mtu maalumu, kwa sababu maalumu, chini ya daktari. Na kwa wanaotatizwa na mkojo wa farasi, zipo pia homoni zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mimea. Muulize daktari wako, na muulize shekhe wako.

Tukumbuke pia kuwa wanawake wote wa utafiti ule walikuwa wakaazi wa Marekani. Mama zetu wanaolima, wanaobeba ndoo kichwani, waliozaa mara saba au nane, hawakuwemo. Wao wanangoja waulizwe na sisi wenyewe, watoto wao.

TUFANYE NINI?

Kwanza, damu. Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone moja, hata mara moja, aende hospitali asingoje. Hukumu ya sala yake aulizwe mwanachuoni, lakini hukumu ya afya yake ni moja tu. Kati ya wanawake 100 wenye hali hii takriban 9 hukutwa na saratani ya mji wa mimba, na wengi waliobaki wana sababu nyepesi. Lakini kwa wale waliopata saratani hiyo baada ya kukoma hedhi, karibu 9 kati ya kila 10 walitanguliwa na dalili hii ya damu. Ni onyo ambalo Mwenyezi Mungu (s.w.) ameliweka wazi. Anayewahi ana matumaini makubwa ya kupona.

Pili, shingo ya kizazi. Hii ni saratani nyingine, na ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki. Husababishwa na kirusi cha HPV na huchukua miaka mingi kukua, kwa hiyo kipimo huiwahi kabla haijawa saratani. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa wa kwanza Afrika kuanza chanjo ya taifa zima kwa wasichana, mwaka 2011. Binti achanjwe, na mama apimwe angalau akiwa na miaka 35 na tena 45.

Tatu, mifupa. Kutembea kila siku, kubeba vitu vya wastani, kupata jua, kula dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa na mboga za majani. Nyumbani tuondoe mkeka unaoteleza na tuweke taa njia ya chooni. Nyonga huweza kuvunjika usiku.

Nne, ibada. Wapo kina mama walioacha kwenda msikitini na darsa kwa sababu mkojo unawatoka wakikohoa au wakicheka. Wajue kuwa sheria ina wepesi: ambaye mkojo haumkatiki hujisafisha, akajiziba, akatawadha kila wakati wa faradhi unapoingia, kisha akasali, na sala yake ni sahihi. Na wajue kuwa hali hiyo ina mazoezi ya misuli na matibabu. Asiyeweza kusimama atasali amekaa. Ambaye uzee au maradhi yasiyopona yamemshinda kufunga, atatoa fidia.

Tano, maneno. Mume amuulize mkewe, mtoto amuulize mama: umelalaje, unasikia joto, kuna linalokusumbua? Akiona haya kumwambia mwana wa kiume, basi binti au mkwe amuulize. Na kina mama waliokwisha kupita njia hii wakae na wadogo zao, wawafundishe kama walivyofundishwa siku ya kwanza. Madrasa na vikundi vya kina mama vitenge japo darsa moja kwa mwaka kwa ajili ya umri huu, aje na muuguzi Muislamu wa kike akae pamoja na ustadhati.

Mwanamke akijaliwa umri, anaweza kuishi miaka 20, 30 au zaidi baada ya hedhi yake ya mwisho. Hiyo ni sehemu kubwa ya maisha, na ni miaka ya kusali na kufunga bila kukatizwa na siku za hedhi, ya kusoma Qur'ani na ya kulea wajukuu. Haifai aipite akiwa mgonjwa wa ugonjwa ambao swali moja lingeuwahi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awarehemu mama zetu waliotangulia, awape siha na umri wenye baraka walio hai, na atupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.